Kaka Mkubwa Naye Anangoja Kukubaliwa

Msimulizi wa "Sonny's Blues" hana jina. James Baldwin, mwandishi Mmarekani mweusi, alimpa kazi ya ualimu, mke, watoto, nyumba na amri ya mama aliyekwisha fariki, lakini jina hakumpa. Hadithi hiyo fupi ilichapishwa mwaka 1957 katika jarida la Partisan Review, kisha mwaka 1965 ikaingia katika mkusanyiko wake uitwao Going to Meet the Man. Wengi wetu tumeisoma kama habari za Sonny: kijana wa Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, mpiga piano wa jazi, aliyezama kwenye heroini, akafungwa, akatoka, na mwishowe kaka yake akamkubali jinsi alivyo. Usomaji huo una ukweli, ila umeishia njiani. Nikiisoma hapa Nairobi naona kwamba mwenye kiu kubwa zaidi ya kukubaliwa ni yule kaka asiye na jina, na anayemkubali mwenzake tangu mwanzo hadi mwisho ni mdogo mtu.

Kwa ambaye hajaisoma, mambo yenyewe ni haya. Kaka anafundisha aljebra katika shule ya sekondari mle mle Harlem. Asubuhi moja, ndani ya treni ya chini ya ardhi, anasoma gazetini kwamba mdogo wake, ambaye yeye amempita kwa miaka 7, amekamatwa kwenye msako kwa ajili ya heroini. Anaingia darasani, anafundisha vipindi vyake, na miezi inapita bila kumwandikia hata mstari mmoja. Habari ya kukamatwa aliisoma majira ya machipuo. Kalamu anaishika majira ya kupukutika, na huenda ikawa ni siku ile ile aliyomzika binti yake Grace, mtoto wa miaka 2 na kitu, aliyeuawa na polio. Anakiri mwenyewe kwamba shida yake ndiyo iliyomfanya aione ya Sonny kuwa ya kweli.

Sonny anamjibu. Hapa wasomaji wengi hupita haraka, nami naona ndipo pa kusimama. Barua yake haina lawama. Haulizi ulikuwa wapi miezi yote hii. Anasema alikuwa na haja kubwa ya kusikia kutoka kwa kaka yake, kwamba mara nyingi alitaka kuandika akashindwa kwa kukumbuka jinsi alivyomuumiza, kisha anampa pole ya Grace. Aliye gerezani ndiye anayemfariji aliye huru. Kaka akiimaliza barua hiyo anajiona mtu mbaya, na ana sababu: amepewa kile ambacho yeye alikuwa hajakitoa.

Kwetu kaka huyo angesifiwa. Mama yao alipofariki alihakikisha mdogo wake ana mahali pa kulala, anakula, na akamsisitiza amalize shule. Hesabu hiyo tunaijua vizuri sana. Ni karo, ni nauli, ni kodi ya chumba cha Kayole mwezi wa kwanza, ni "nimekutumia kitu kidogo, angalia simu." Kifungua mimba akipata kazi hapa mjini, mshahara wake wa kwanza unakuwa umeshagawanywa kabla haujaingia benki. Sidharau hata shilingi moja ya hizo. Kuna mafundi, wauguzi na mawakili katika mji huu waliovushwa na kaka au dada aliyelala njaa, na anayewacheka ndugu wa namna hiyo hajui njaa. Hata sheria inawatambua: Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, katika kifungu cha 29, inamhesabu ndugu wa marehemu kuwa mtegemezi iwapo marehemu alikuwa akimkimu hadi alipofariki. Kukimu kunaweza kuthibitishwa mbele ya hakimu kwa risiti na ujumbe wa M-Pesa. Kumsikiliza mtu hakuna risiti, na nadhani ndiyo maana hatukuhesabu.

Baldwin anaonyesha jinsi pesa inavyoweza kuwa njia ya kukwepa. Siku ile ya habari gazetini, rafiki wa zamani wa Sonny, teja aliyechakaa, anamngoja kaka nje ya shule. Wanatembea pamoja. Yule rafiki anajaribu, kwa maneno yanayokatika katika, kueleza yatakayompata Sonny: atatibiwa, ataachiliwa, kisha mambo yataanza upya. Kaka hataki kuyasikia. Mwishowe rafiki anaomba dola 1, kaka anapekua mfukoni, anakuta noti ya dola 5, anampa. Wanaachana. Nani kati yetu hajawahi kutoa mia ili mazungumzo yaishe?

Lakini sehemu inayoniuma zaidi ni ile ya nyumba ya wakwe. Kaka yuko jeshini, kwa hiyo Sonny anapelekwa kukaa kwa wazazi wa Isabel, mke wa kaka. Kuna piano nyumbani humo. Kijana akirudi kutoka shule anakaa kwenye piano hadi chakula cha jioni, akishakula anarudi hadi watu waende kulala. Ana santuri zake. Kipande kimoja anakirudia kutwa nzima, akijaribu kukifuata kwa vidole. Wenye nyumba hawamkatazi. Wanampa chakula, wanamfulia, wanakaa kimya. Kisha inakuja barua ya shule: Sonny haonekani darasani. Amekuwa akishinda Greenwich Village, mtaa wa wasanii jijini New York, pamoja na wanamuziki. Mama mkwe anapandwa na hasira, anapaza sauti, na katika makelele hayo linatoka lililokuwa limefunikwa muda wote. Walikuwa wakiustahimili muziki huo kwa sababu tu wamebeba jukumu la kumlea. Hakuna aliyekuwa akiusikiliza.

Sonny anafunga piano. Siku chache baadaye ameondoka, amejiunga na jeshi la wanamaji.

Hakufukuzwa. Nasisitiza hilo kwa sababu katika vikao vya familia zetu, kijana akitoroka swali la kwanza huwa ni "kwani nani alimfukuza?" Na kwa kuwa hakuna aliyemfukuza, lawama zote zinamwangukia yeye. Sonny alikuwa amelishwa na kuvumiliwa, na uvumilivu wa aina hiyo una mwisho ambao anayevumiliwa huuhisi mapema kuliko anayevumilia. Mtoto wa miaka 16 anaweza kukaa mezani na kujua, bila kuambiwa, kwamba kijiko chake kinahesabiwa.

Kaka naye alikuwa amepata nafasi yake. Baada ya mazishi ya mama, wawili hao wanakaa jikoni na Sonny anamwambia anataka kuwa mwanamuziki. Kaka anajitahidi. Anauliza: kama Louis Armstrong? Uso wa Sonny unabadilika kana kwamba amepigwa kofi, kwa kuwa Armstrong ni wa jazi ya kizamani, na anayemfikiria yeye ni Charlie Parker, mpiga saksafoni wa jazi mpya, na kaka jina hilo hajawahi kulisikia. Ni kama kijana wa Dandora amwambie kaka yake kwamba anataka kurekodi hip-hop, kaka aulize kwa nia njema kabisa, "Kama Daudi Kabaka?", yule mwimbaji wa zamani. Kutolijua jina si kosa kubwa. Kosa linafuata pale kaka anapohama kutoka muziki kwenda kwenye riziki: utakula nini, maliza shule kwanza, mengine tutazungumza. Maneno yale yale yanasemwa leo Umoja na Githurai, na mara nyingi yana ukweli ndani yake. Sonny anamjibu kwamba yeye humsikia kaka yake, ila kaka hamsikii yeye kamwe.

Namfahamu mwalimu mmoja wa Eastlands ambaye mdogo wake aliacha chuo akaenda kuchora matatu kwenye karakana za Kariobangi Light Industries. Mwalimu alikuwa amelipa mihula miwili. Alinionyesha mazungumzo yao kwenye simu. Usiku mmoja, karibu saa sita, mdogo alimtumia picha ya gari lililokamilika, ubavu mzima una uso wa mwanasoka, rangi zimeshikana vizuri, hata jasho la paji la uso limetokea. Chini ya picha hakuandika neno. Kaka alijibu asubuhi: "Poa. Rent umelipa?" Mdogo akarudisha kidole gumba. Baada ya hapo picha zilikoma, zikabaki risiti za M-Pesa zikielekea upande mmoja. Mwalimu alinionyesha ili nione jinsi anavyoteseka na mtu asiye na shukrani. Nilichoona mimi ni mtu aliyebisha hodi saa sita usiku na hakufunguliwa. Nilimwambia hivyo, hakupendezwa.

Baldwin alilijua hili kwa ndani. Alizaliwa Harlem mwaka 1924, akawa mkubwa wa watoto 9, akawabeba wadogo zake mgongoni tangu utotoni, na alipofariki Ufaransa mwaka 1987 mdogo wake David alikuwa kando yake. Kwa hiyo anapompa mama wa hadithi hii neno la mwisho kwa kifungua mimba wake, anachagua maneno kwa uangalifu. Mama anasimulia siri ambayo watoto hawakuwahi kuijua: baba yao alikuwa na ndugu wa kiume, mpenda gitaa, ambaye usiku mmoja wa mbalamwezi aligongwa na gari lililojaa Wazungu walevi huko Kusini mwa Marekani. Baba alikuwepo. Alisikia gitaa likivunjika. Hakupona moyo wake hadi alipokufa, na hakumwambia yeyote isipokuwa mkewe.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na wengi wetu tunausikia usemi huo kama agizo la ulinzi: mshike ndugu yako asianguke. Kaka wa hadithi anamsikia mama yake hivyo hivyo, na ndiyo maana anageuka askari wa kumlinda mdogo wake. Mama hakusema hivyo. Alisema kwamba huenda usiweze kuzuia lolote lisimpate, ila ajue kwamba upo. Hadithi ya lile gitaa ndiyo ushahidi wake: yule baba alimpenda nduguye, alikuwa hatua chache kutoka kwake, na bado gari lilipita. Upendo haukulisimamisha. Kilichobaki kwa ndugu ni kuwepo, na kuwepo ndiko kaka aliyeelimika, mwenye ratiba na mshahara, anakoshindwa.

Sonny anaporudi kutoka vitani wanagombana vibaya. Kaka anamfuata kwenye chumba chake cha kupanga huko Village, maneno yanachacha, na Sonny anamwambia amhesabu kuwa amekufa. Kaka anashuka ngazi akipiga mluzi ili asilie, akijiambia kwamba iko siku huyu atamhitaji. Tuna methali ya kutuliza mambo kama hayo, ile ya ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Ina hekima kwa jirani mwenye kimbelembele. Kwa ndugu wenyewe ina hatari, kwa maana inawafanya waamini kwamba kupatana kutakuja kwenyewe, kama mvua za vuli. Kati ya ndugu hawa wawili hakukuja kwenyewe. Kulihitaji kaburi la mtoto.

Baldwin alikuwa mhubiri kanisani tangu umri wa miaka 14 hadi 17, na ukiisoma hadithi hii ukiwa na Luka 15 kichwani unaona alichofanya. Mwana mpotevu anarudi, nyumbani kuna nyimbo na ngoma, na kaka mkubwa amesimama nje kwa hasira. Anamwambia baba "huyu mwana wako". Hataki kusema "ndugu yangu". Ametumika miaka yote, hajavunja amri, na hakuna aliyemchinjia hata mbuzi. Mahubiri mengi niliyosikia humkemea kaka huyo kwa wivu wake na kuishia hapo. Mimi namwonea huruma. Anachodai si mbuzi. Anataka mtu amwone. Na Luka hatuambii kama hatimaye aliingia ndani. Baldwin anaichukua hadithi pale Injili ilipoiachia na kumwingiza kaka mkubwa kwenye nyumba yenye muziki.

Anaingiaje? Hapa ndipo ninaposhikilia hoja yangu kwa nguvu zote. Sonny ametoka gerezani, anaishi kwa kaka yake. Jumamosi moja Isabel ametoka na watoto, Sonny hayupo, na kaka anazunguka sebuleni akijishindania moyoni: akapekue chumba cha Sonny au asipekue? Anaogopa atakachokikuta. Kila aliyekaa na teja nyumbani anaijua saa hiyo, mkono uko kwenye kitasa, masikio yako mlangoni. Anapochungulia dirishani anaona wahubiri wa barabarani wakiimba, mwanamke mmoja ana tari, na pembezoni mwa umati amesimama Sonny akiwasikiliza. Sonny anapanda ghorofani. Kwa aibu kidogo, anamwalika kaka yake aje usiku huo amsikilize akipiga.

Aliyekuwa karibu kupekuliwa ndiye anayetoa mwaliko. Kaka hakustahili mwaliko huo. Hajaomba radhi, hajabadilika, dakika chache zilizopita alikuwa mpelelezi. Sonny anamkubali akiwa hivyo hivyo, na ndipo, dirishani, anaanza kumweleza kwamba sauti ya yule mwanamke imemkumbusha heroini inavyokuwa mwilini, na kwa nini mtu anaifuata. Kwa mara ya kwanza kaka ananyamaza. Anatamani kuapa kwamba hatamwacha tena, anaona kiapo kitasikika kitupu, anakimeza.

Kwenye klabu mambo yanapinduka kabisa. Mpiga besi, mzee aitwaye Creole, anampokea kwa furaha kwa ajili ya Sonny. Mwingine anamsifia Sonny mbele yake. Mwalimu mwenye nyumba na heshima zake hapa si mwalimu. Ni kaka wa Sonny, basi, na kiti anachopewa kimetokana na jina hilo. Baldwin anasema amefika katika ufalme wa Sonny. Ndiyo maana sidhani kukosa kwake jina ni bahati mbaya. Mtu aliyetumia maisha yake kumpa mdogo wake nafasi duniani anapata ya kwake kupitia mdogo huyo, na anaipenda. Anamwagizia kinywaji, wiski iliyochanganywa na maziwa, anakiona kimewekwa juu ya piano, na anaona Sonny akimtikisia kichwa.

Wapo watakaosema kwamba nampamba teja. Wanaoishi na mateja katika mji huu wana haki ya kuniuliza, maana wameibiwa televisheni, mitungi ya gesi, hata viatu vya watoto. Jibu la Baldwin ni kali kuliko langu: Sonny mwenyewe anamwambia kaka yake kwamba hali ile inaweza kurudi. Hakuna ahadi ya kupona. Hapa kwetu kliniki ya kwanza ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, nchini ilifunguliwa katika Hospitali ya Mathari mwishoni mwa mwaka 2014, na dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, mwezi baada ya mwezi. Tiba hiyo inakubali kwamba safari ni ndefu na kwamba mtu anaweza kuteleza na bado akapewa kikombe chake kesho. Familia nyingi hazijafika hapo. Zinasema acha kwanza, ndipo uje Krismasi. Kufunga mlango wa chumba chenye vitu vya thamani ni haki yako, na unaweza kuufunga huku ndugu yako akijua kwamba jina lake halijafutwa.

Nina lawama moja kwa Baldwin. Isabel ndiye aliyemsikia Grace akianguka. Usiku anaamka akilia. Ni yeye anayempikia Sonny chakula kizuri siku aliyorudi na kumtania mezani hadi anachangamka, jambo ambalo mumewe haliwezi. Anampokea shemeji yake kuliko yeyote, na hadithi haimuulizi lolote. Usiku wa klabu hayupo. Dada katika familia hiyo hakuna. Kwa msomaji wa Nairobi, hilo ni pengo kubwa. Kwetu aliyeacha shule kidato cha pili ili wavulana wamalize ni dada. Anauza mitumba Gikomba au anasuka nywele Githurai, na siku ya ruracio, sherehe ya mahari, ya kaka yake msomi, wazee wanajadili sebuleni naye yuko nyuma kwenye sufuria. Ndugu zake wanampenda, wanamtumia pesa za kodi ya duka, wanamwita nguzo ya familia. Hajawahi kuulizwa alitaka kuwa nani.

Ningependa mwandishi wa hapa aiandike hadithi hiyo kwa Kiswahili, kaka wawili wenye digrii wakipanda matatu hadi dukani kwake, wakae kwenye benchi la wateja, wasikilize. Na asimfanye mtakatifu. Ampe hasira, ampe wivu wa vyeti vyao, ampe na haki ya kuwaambia leo ana wateja, warudi siku nyingine.